Sijapona, Shangazi

Shangazi, shikamoo. Umeniandikia kwamba huko Tanga inasemwa nimepona kifafa kwa kuwa madaktari wa Uingereza wanajua kukitoa, na kwamba unamwandalia mdogo wangu, mwenye kifafa kama mimi, safari ya kuja huku kusoma na kutibiwa. Sijapona. Ninameza dawa ileile ya kabamazepini niliyokuwa nikiandikiwa nyumbani, na kama sianguki ovyo, ni kwa sababu siruki dozi na usiku ninalala.

Huko kulala ndiko kunakonigharimu. Wakati wa masomo mwanafunzi wa kigeni wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kazi inayompokea mgeni upesi ni ya usiku, ya kubeba mizigo ghalani, ilhali kukesha huweza kumwangusha mwenye ugonjwa huu hata kama amemeza dawa. Niliikataa. Ndiyo maana fedha ninazotuma ni haba, na ndiyo maana simu za mwisho wa mwezi naziogopa kuliko kifafa chenyewe, hata Baba anadhani nimeota majivuno.

Mdogo wangu aje. Akianguka darasani, kuna watakaomlaza ubavu, watazame saa na kuita gari la wagonjwa zikipita dakika 5, badala ya kumkimbia wakiogopa povu. Dawa za kifafa hapa England hutolewa bure kwa mwenye cheti cha msamaha wa kulipia dawa, ingawa bure hiyo hutanguliwa na ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa pamoja na maombi ya viza.

Lakini asije, ikiwa bado wewe ndiye unayemhesabia vidonge. Bafu ninalolitumia na watu nisiowajua silifungi kwa komeo, bali natundika karatasi mlangoni. Wako wanaoisoma na wako wanaoingia tu. Kwenye hodhi sijazi maji kamwe, kwa maana hakuna wa kunisikia nikizama.

Ukiamua kumleta, aje na barua ya daktari wake, ajiandikishe mapema kwa daktari wa mtaa, wala usimfundishe kuficha. Chuo kitamwandika kuwa mwenye ulemavu. Usikasirike, kwani jina hilo ndilo linaloweza kumpatia muda wa ziada kwenye mtihani. Ila nauli isubiri kwanza: mpangishie chumba hapo Tanga, ajipikie, ameze dawa bila kukumbushwa, kisha uniandikie alivyoishi.