Maswali kwa Fundi: Umeshauza, Sasa Unaitafuta

Mwezi uliopita niliwauliza wasomaji: ni ala gani uliyoiuza au kuibadilisha ambayo leo ungeifuata hata kwa miguu? Barua ni nyingi. Nyingine ni kilio tu. Hizo nimezisoma, nikazikunja. Hizi hapa zina maswali.

Shikamoo fundi. Kikundi chetu cha taarabu kiliuza kodiani ya zamani baada ya noti kadhaa kukatika na moja kuwa inalia yenyewe. Tukanunua kinanda cha umeme. Sasa wazee wanasema nyimbo zetu hazina pumzi. Je, ile kodiani ilikuwa imekufa kweli? (Tanga)

Marahaba. Kwa dalili ulizoeleza, haikufa. Ndani ya kodiani kila noti ina ulimi mwembamba wa chuma uliofungwa kwenye kibati, na kibati chenyewe kinashikiliwa kwenye ubao kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Nta haipendi joto. Ukiiweka kodiani stoo chini ya bati, au ukaisahau kwenye buti la gari mchana wa Januari, nta inalegea, kibati kinahama, noti inakatika. Ile inayolia bila kuguswa mara nyingi ni kifuniko cha tundu kilichokaa upande, hewa inapita. Yote mawili yanatengenezeka: nta mpya, kifuniko kirudi mahali pake, basi.

Kinachoiua kodiani huku pwani ni kutu. Kwa hiyo, kabla hamjachanga hela za kuirudisha, mwombeni aliyeinunua aifungue muangalie zile ndimi. Kutu ya juu juu hukwanguliwa, kisha ulimi ukasawazishwa sauti. Ikiwa imekula chuma, waachieni.

Na wazee wako hawasemi hovyo. Mpiga kodiani anaishika noti kwa mkono mzima wa kushoto: anavuta mvukuto, noti inavimba, anaulegeza, inanyauka. Kinanda kina pedali ya sauti, ndiyo, lakini wapigaji wengi hawaigusi. Msikiuze kinanda ili mpate kodiani. Mtavihitaji vyote viwili.

Kaka fundi, niliuza kinanda cha umeme cha Yamaha DX7 kwa bei ya kutupa kwa sababu ilisahau sauti zote, ikawa inatoa makelele tu. Aliyeinunua anaipiga kanisani mpaka leo na inalia vizuri. Alifanyaje? (Nakuru)

Alibadilisha betri. Pole sana.

DX7 ilitoka mwaka 1983, na sauti zake 32 hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya ndani, bapa kama ile ya saa. Betri ikiisha, kumbukumbu inavurugika. Fundi yeyote wa redio mwenye mkono uliotulia anaweza kuibandua na kulehemu nyingine, kisha sauti zinarudishwa kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI. Ila nisikuliwaze kupita kiasi: kama unachokikosa ni ile sauti tu, ipo programu ya bure iitwayo Dexed inayoitoa vizuri mno kwenye kompyuta. Kama unachokikosa ni kinanda chenyewe chini ya vidole, hapo sina dawa.

Mwalimu, niliuza udi wa marehemu babu kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimenyanyuka, vidole vikawa vinauma. Nimenunua mpya, unang'aa, lakini sauti imefungwa. Nibadilishe nyuzi? (Unguja)

Badilisha, maana ndilo jambo rahisi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi unaokaa peke yake, na zile zinazokuja na udi wa bei nafuu mara nyingi ni za kujazia tu. Usipoona nafuu, gonga uso wa udi kwa ncha ya kidole karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Uso mwembamba hukujibu kwa mlio unaobaki hewani kidogo. Uso mnene uliopakwa vanishi nzito hujibu kama mlango. Ikiwa wako ni mlango, mpelekee fundi aipunguze vanishi na, ikibidi, unene wa mbao. Usijaribu mwenyewe na msasa.

Kuhusu ule wa babu, nyuzi kunyanyuka ni ugonjwa wa udi karibu wote wa zamani. Mvuto wa nyuzi huleta shingo mbele mwaka baada ya mwaka, na unyevu wa pwani unalegeza gundi pale shingo inapoungana na tumbo. Fundi hukifungua kiungo, akarekebisha pembe ya shingo, akakigandisha upya. Sauti ya babu haiguswi, maana iko usoni na tumboni. Waulize walimu wa chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy hapo hapo Unguja, watakuambia nani ana mkono wa kazi hiyo. Na ukisikia mtu anauza udi kwa sababu kama yako, ununue wewe.

Rafiki aliniuzia gitaa lake la umeme alipokuwa na mgonjwa hospitalini. Sasa mambo yake yamenyooka, analitaka, na mimi nimeshalizoea. Nimrudishie? (Dar es Salaam)

Mliweka rehani au mliuziana? Kama mliuziana, ni lako, wala usione haya. Kama hulitegemei kwa mkate wako, mrudishie kwa bei uliyolipa, ongeza gharama za matengenezo. Kama unalipigia kazi, mwahidi kuwa siku ukiliuza atakuwa wa kwanza kujua.

Ahadi hiyo si ndogo. Peter Green, mpiga gitaa mwanzilishi wa bendi ya Fleetwood Mac, alimuuzia kijana Gary Moore, mpiga gitaa mwenzake, gitaa lake la Gibson Les Paul la 1959 kwa bei ya kirafiki. Lilikuwa na sauti ya puani kidogo, kwa sababu sumaku ya pikapu moja, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, ilikaa kinyume. Ilikuwa kasoro, na wote wawili walikuwa na akili ya kuiacha. Moore alilipiga zaidi ya miaka 30, kisha mwaka 2006 naye akabanwa, akaliuza. Tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, na bei ya kirafiki haipo tena.

Mke wangu anasema magitaa yamezidi nyumbani. Niuze lipi? (Morogoro)

Lile ambalo hukumbuki lini uliliwekea nyuzi mpya. Shemeji yuko sahihi.

Baba aliniachia klarineti nyeusi ya mbao. Ina ufa, na jamaa anaitaka kwa bei ya kuni. Nimpe? (Mtwara)

Usimpe bado. Karibu hakika mbao hiyo ni mpingo, mti wa huko huko kwenu kusini na ng'ambo Msumbiji, ambao viwanda vya Ulaya vinauagiza kwa ajili ya klarineti na oboi. Pumzi inalowesha ndani, nje pamekauka, mbao inavutana na kupasuka, hasa kipande cha juu. Ufa usiogusa tundu hujazwa gundi na unga wa mpingo wenyewe, ukasuguliwa mpaka usionekane. Ukipita kwenye tundu, kazi ni kubwa zaidi, lakini bado inafanyika. Nitumie picha ya ufa pamoja na chapa iliyogongwa kwenye mbao. Kwa sasa ikaushe ndani kwa kitambaa, iweke mbali na jua, na usiipake mafuta ya kupikia hata akikushauri nani. Yanachacha.