Luku iliisha saa nne usiku na umeme ulikuwepo kwenye nguzo

Mimi ni fundi wa minara ya simu, nazunguka Dar nzima, leo Kimara kesho Kigamboni, na miaka yote nilichukulia umeme ni mambo ya watu wengine, mi kazi yangu ni mawasiliano basi. Usiku mmoja ndo ulinibadilisha.

Mama yangu anakaa Mbagala Rangi Tatu na ana sukari, anachoma insulini, na zile ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Saa nne usiku ananipigia, "Mwanangu luku imekata, jirani kanilipia kwenye simu hela imeenda, namba hazijaja." Luku ni umeme wa kulipia kabla, ukilipa unatumiwa namba za kuingiza kwenye mita. Nikalipa na mimi nikiwa Kimara, hela ikakatwa, kimya. Nikaenda kwa wakala, akaniambia tangu saa mbili mfumo wa kununulia uko chini. Nikachukua boda na hotipoti iliyojaa barafu mpaka Mbagala, tukaviringisha insulini kwenye kitambaa ili isigusane na barafu, maana ikiganda imeshaharibika hiyo, tukakaa sebuleni gizani na mama tunasubiri meseji. Ilikuja saa tisa usiku.

Kilichoniuma mpaka leo ni kwamba nyumba za jirani zilikuwa zinawaka, feni zinazunguka, transfoma ya pale kona inaunguruma kama kawaida. Umeme ulikuwepo hatua chache kutoka kwenye friji ya mama, kilichokosekana ni tarakimu 20 tu za kuingiza kwenye mita.

Sasa nikaanza kufuatilia hizo namba zinatoka wapi. Ukilipa, malipo yanatoka kwenye mtandao wa simu au benki, yanapita kwenye mfumo wa malipo, yanafika kwenye sava ya luku, sava inatengeneza tokeni, yaani zile tarakimu 20, ya mita yako peke yake, halafu tokeni inarudi njia ileile mpaka kwenye simu yako. Kiungo kimoja kikikatika unakaa giza. Lakini mita yenyewe, hizi za kubonyeza namba kwenye rimoti, haihitaji mtandao hata kidogo! Ufunguo wa kusoma tokeni uko ndani yake. Maana yake tokeni uliyonunua Jumatatu ukaiandika kwenye karatasi, Alhamisi usiku mtandao wote wa nchi ukiwa umelala, ukiingiza inakubali. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ndio mkubwa kuliko yote, nunua kabla hazijaisha, ikiwezekana kaa na tokeni moja ya akiba ambayo hujaingiza, na ukiwa nazo mbili anza na iliyotangulia kununuliwa, usiruke, kwa sababu mita inakumbuka muda wa tokeni zilizopita na ile ya zamani sana inaweza kuikataa.

Huo muda ndo sababu ya ile kazi ya 2024, mnakumbuka tulivyoambiwa tuingize makundi mawili ya namba kwanza halafu ndo tokeni yenyewe, watu kibao mtaani wakasema ni utapeli. Haukuwa utapeli. Kila tokeni duniani ya aina hii imebeba saa ndani yake, saa hiyo ilikuwa inahesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, mita isiyobadilishwa ingekataa tokeni zote mpya. Fikiria mita ya huko Chanika inaweza kuzima nyumba kwa sababu ya hesabu ya dakika iliyopangwa na watu wa kompyuta miaka hiyo!

Na hapo bado ni luku. Ukipanda juu zaidi utegemezi unazidi. Umeme wa gridi, yaani mtandao wa mitambo na nyaya za nchi nzima, lazima unaozalishwa ulingane na unaotumika sekunde kwa sekunde, kwetu hapa kipimo ni hezi 50, yaani umeme unapiga mara 50 kwa sekunde, ikishuka sana mitambo inajitoa yenyewe ili isife. Hakuna binadamu wa kukimbizana na hilo kwa macho, ndo maana kwenye vituo vya kupooza umeme kuna vifaa vinavyopima na kutuma taarifa kwenye chumba cha kuongozea gridi, na nyingi zinapita kwenye faiba iliyofichwa ndani ya waya wa juu kabisa wa zile nguzo kubwa za chuma. Gridi janja inaongeza mita inayoongea pande zote mbili, inatuma matumizi yako kila baada ya muda mfupi, inapokea uniti bila wewe kubonyeza, na fezi ikikatika mtaani kwenu ofisi ya umeme inajua kabla hujapiga simu. Mi naipenda hiyo, kweli kabisa, ila lazima tuelewe tunachokubali.

Marekani tarehe 14 Agosti 2003, kwenye chumba cha kuongozea umeme kule Ohio programu ya alamu iliganda na waendeshaji hawakujua, laini kubwa za umeme zikawa zinalegea na kugusa miti huko nje wao skrini zao zimetulia, na baada ya kama masaa mawili watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakawa gizani. Ukraine 23 Desemba 2015 wadukuzi walioingilia kwa barua pepe miezi kadhaa nyuma walikata umeme wa wateja kama 225,000 kwa kubonyeza tu wakiwa mbali, wakajaza na simu za huduma kwa wateja ili watu wasipate pa kulalamika. Umeme ulirudi kwa masaa tu kwa sababu bado walikuwepo mafundi wa kwenda vituoni kuwasha breka kwa mkono. Hiyo sehemu ya mkono naiombea isife hapa kwetu hata tukiwa na mita janja kila nyumba.

Kwa upande wangu wa minara nawaambia jambo ambalo watu hawalioni. Umeme ukikatika mtaani, mnara unaishi kwa betri, na sehemu nyingine jenereta. Betri zikiibiwa, na zinaibiwa jamani, mnara unazima, na mita zinazotegemea laini ya simu zinanyamaza, na wewe huwezi kupigia emajensi ya umeme kusema nguzo imeanguka. Ukiuziwa betri kubwa ya bei ya kutupa bila risiti usinunue, hiyo ndo mawasiliano ya mtaa wako.

Vitu vingine ni vidogo lakini vinaokoa. Andika namba ya mita ukutani, isikae kwenye simu tu, maana simu ikizima chaji hata wa kukununulia hana pa kuanzia. Uwe na njia mbili za kulipa kwenye mitandao tofauti. Hela ikikatwa na tokeni haijaja usilipe tena kama mimi, tunza meseji ya muamala, kwanza uliza tokeni ya mwisho kwenye menyu ileile uliyolipia. Mwenye dawa za baridi ndani aulize famasia mapema dawa yake inavumilia nini nje ya friji, asisubiri giza.

Kwa mama tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji, namba ya mita juu, chini yake tokeni moja ya akiba nimeiandika kwa kalamu nzito aione bila miwani. Nyumba yake inakula kama uniti 3 kwa siku, zikifika 20 ananipigia. Jana kapiga kasema zimebaki 34, nikamuuliza sasa mbona mapema hivyo, akasema alitaka tu kunisalimia.