Mbadala wa Skype
Umeuliza utumie nini sasa badala ya Skype, ile app ya kupiga simu kwa intaneti, na kuhusu apk (faili la kuweka app kwenye simu) ya Skype uliyotumiwa. Skype imebaki jina tu mkuu, Microsoft waliizima 5 Mei 2025, hiyo apk ifute kabla haijakuletea mambo. Mbadala wao wenyewe ni Teams ile ya bure, app yao ya meseji na simu za video, unaingia kwa akaunti ile ile ya Skype, ila meseji za zamani walisema wanazitunza mpaka Januari 2026, kwa hiyo kama hukuwahi kuhamia usizitegemee. Mi nawawekea watu hizi app kwenye kibanda changu hapa stendi Nyegezi, Mwanza, na ukweli Teams kwenye simu ndogo ni nzito, inakwamakwama hadi mtu anataka kuitupa ziwani, halafu mkiwa zaidi ya wawili ile ya bure inakata ikifika dakika 60. Kama shida yako ni kaka yako wa Kanada na wateja wa dagaa wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, weka WhatsApp tu, wote wanayo tayari. Ila kama ulikuwa unapiga simu za mezani huko nje kwa salio la Skype, hiyo WhatsApp haifanyi, na Teams ya bure nayo haikuuzii salio jipya la simu hizo, hapo angalia vifurushi vya kimataifa vya laini yako.