Chuo kikidukuliwa, nani ashike usukani?

SWALI: Chuo chetu kina majengo Mtwara mjini na tawi Masasi, na kila kitivo kina fundi wake wa TEHAMA. Ilisambaa barua pepe ya uongo kuhusu bumu, watu wakajaza nywila zao. Kila fundi akabadilisha nywila za watu wake, tukajua yamekwisha. Wiki mbili baadaye akaunti zilezile zikaanza tena kurusha barua. Tulikosea wapi?
Fundi wa TEHAMA, Ligula

JIBU: Nywila mpya haimtoi mtu aliyekwisha kuingia. Mdukuzi akipata sanduku la barua huweka kanuni humo ndani: kila barua inayoingia apelekewe nakala, au barua za onyo zihamishwe kabla mwenyewe hajaziona. Kanuni hiyo hubaki hata nywila ikibadilika. Kwa hiyo kila akaunti iliyoguswa inahitaji mambo manne kwa mkupuo: kukatisha vikao vyote vilivyo wazi kwenye simu na vivinjari, kubadilisha nywila, kufuta kanuni za barua (zipigeni picha kwanza), na kuondoa programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma sanduku hilo.

Lakini tatizo lenu kubwa ni kwamba kila fundi alifanya kwa wakati wake. Ukiziba tundu moja, panya hutokea jingine. Seva ya barua ndiyo inayojua nani wote walipokea ujumbe ule. Itafuteni humo kwa anwani ya mtumaji na kiungo kilichomo. Kisha angalieni kumbukumbu za ngome ya mtandao (firewall, mlinzi wa lango la mtandao) na za DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) mjue nani walifungua kiungo. Orodha ikikamilika, safisheni akaunti zote saa moja ileile, Mtwara na Masasi kwa pamoja.

Hilo haliwezekani bila mratibu mmoja na msaidizi wake, wenye barua iliyosainiwa na mkuu wa chuo. Barua hiyo iseme waziwazi kwamba mratibu anaweza kukata mtandao wa jengo lolote, hata ofisi ya fedha au ya usajili, bila kusubiri kikao. Ruhusa inayotafutwa usiku wakati mdukuzi anaendelea kufunga mafaili kwa ufunguo wake haifiki. Kila kitivo kitoe watu wawili, maana mmoja huwa safarini. Namba zao za simu ziwe kwenye karatasi ukutani na nakala nyumbani kwa mratibu. Msitegemee barua pepe ya chuo, kwani huenda mdukuzi anaisoma pamoja nanyi.

Kila tukio lipewe namba na daftari moja: nani ameona nini, amefanya nini, saa ngapi. Hapo kwenye saa tunaomba mkazie sana. Fundi akiandika "saa nane na dakika kumi usiku, tarehe 5" na ngome ya mtandao ikaandika 23:10 ya tarehe 4 kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia), hilo ni jambo moja, ila kwenye daftari litasomeka kama mawili, tena ya siku tofauti. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Andikeni yote kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki, pamoja na tarehe. Seva na swichi zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja cha NTP (huduma ya kulinganisha saa kwenye mtandao). Tena angalieni mashine za zamani: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikifa, umeme ukikatika kompyuta huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Kumbukumbu zake za siku hiyo hazilingani tena na za mashine nyingine yoyote. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Badilisheni kabla ya kuhitaji ushahidi wake.

SWALI: Taasisi ya nje ilituandikia kwamba anwani ya chuo chetu imeshambulia seva yao. Tulitafuta kompyuta husika hatukuipata. Inakuwaje?
Msimamizi wa mtandao, Lindi

JIBU: Chuo kizima kinatoka nje kwa anwani moja au chache za umma, kwa hiyo nyuma yake wanaweza kuwepo mamia ya watu. Mrudieni mlalamikaji mumwombe namba ya poti ya chanzo (namba ya mlango ambao muunganisho ulitokea) na saa kamili ikiwa na ukanda wake. Kwa hayo mawili, kumbukumbu za NAT (inayogeuza anwani za ndani kuwa ya umma) zitakupa anwani ya ndani, na kumbukumbu za DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa) zitakupa kifaa. Ruta ikiachwa ilivyotoka dukani haihifadhi haya, au huyafuta ikizimwa. Yapelekeni kwenye seva ya pembeni na kuyatunza walau siku 90.

SWALI: Kompyuta ya maabara imebadilisha majina ya mafaili yote na kuweka ujumbe wa kudai pesa. Mmoja anasema zima haraka, mwingine anasema usiguse. Tumsikilize nani?
Mhadhiri, Shangani

JIBU: Mwalimu, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, ila kompyuta iache ikiwaka. Kumbukumbu yake ya muda (RAM) inaweza kuwa na alama za mdukuzi, pengine hata ufunguo wa kufungulia mafaili, na umeme ukikatika hupotea vyote. Ndiyo maana kompyuta za maabara ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) tangu mwanzo. Ukishindwa kabisa kuitenga na mtandao, hapo ndipo uzime. Diski ya bakapu iliyochomekwa ichomolewe mara moja. Piga picha ya ujumbe kwa simu, kisha mpigie mratibu. Kufomati ni marufuku mpaka yeye aseme.

Sababu ni kwamba ujumbe ule ni hatua ya mwisho ya mdukuzi. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilifungiwa seva 267 tarehe 23 Desemba 2019, lakini barua za ulaghai zilizofungua mlango zilitumwa Oktoba. Bakapu zilizokuwa kwenye mtandao uleule zilifungwa pia, na chuo kikalipa bitcoin 30. Kwa hiyo bakapu ya juzi inaweza kuwa na mdukuzi ndani yake. Jueni kwanza aliingia lini, ndipo mchague nakala ya kurudisha.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya chuo na haijaunganishwa popote. Kwa kwetu hesabu ya laini ni muhimu: kurudisha terabaiti 2 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa, hata laini ikiwa yenu peke yenu. Diski iliyofungiwa Masasi hufika Mtwara kwa gari siku hiyohiyo. Msiweke tegemeo lote Dar es Salaam. Mei 2024 barabara ya kutoka huko ilikatika eneo la Somanga.

SWALI: Tutoe taarifa wapi?
Ofisi ya usajili, Mtwara

JIBU: TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao kilicho chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), hupokea taarifa za matukio, polisi huingia pale penye kosa la jinai. Taarifa binafsi za wanafunzi zikivuja, ihusisheni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayezungumza na nje awe mmoja. Diski ya ushahidi inakiliwe yote kabla ya kuchunguzwa, ipigiwe alama ya SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili, hubadilika chochote kikiguswa), ifungwe kwa lakiri, na kila anayeipokea asaini. Mahakama itataka kujua ilikaa mikononi mwa nani.

SWALI: Nilijaza nywila kwenye ile linki ya bumu. Sijamwambia mtu, naogopa kufukuzwa.
Mwanafunzi, mwaka wa pili

JIBU: Mdogo wetu, sema leo. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, na popote pengine ulipoitumia hiyohiyo. Kama uliandika pia PIN ya simu, ibadilishe sasa hivi. Wakuu wa vyuo, tunawasihi: tangazeni kwamba anayetoa taarifa mapema haadhibiwi. Mwanafunzi anayenyamaza kwa hofu anawapa wadukuzi siku nyingi za kuzunguka ndani. Na ile barua usiifute. Itume kwa fundi kama kiambatisho, maana ukiipeleka kwa njia ya kawaida vichwa vyake vya ndani, vinavyoonyesha ilipitia seva zipi, havifiki.