Ukiulizwa hela za akaunti yako ya Nairobi

Nawasaidia Wakenya wenzangu huku Marekani kujaza fomu za kodi, na kesi zinazoniuma zaidi ni za watu waaminifu wenye akaunti nyumbani. Mtu anakesha kazini, mshahara wake umekatwa kodi yote, kisha anapata barua kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani, ya kuulizwa hela zilizoingia benki Nairobi.

Mkaguzi hujumlisha kila kilichoingia, akatoa ulichotangaza, na kinachobaki akakihesabu kuwa mapato yaliyofichwa. Kueleza ni juu yako. Mchango wa harusi, deni ulilolipwa, hata hela ulizohamisha mwenyewe kutoka akaunti moja hadi nyingine, zote zinahesabiwa mpaka utoe ushahidi.

Niliwahi kukaa na mama mmoja mezani kwake, taarifa za benki zimetandazwa. Tulichora safu nne: tarehe, kiasi, zimetoka kwa nani, ushahidi uko wapi. Kiasi kikubwa kuliko vyote kilikuwa harambee ya matibabu ya mamake. Majina ya waliochanga yalikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na bili ya hospitali alikuwa nayo dadake. Kiasi kingine kilikuwa akiba yake mwenyewe ya muda maalumu, iliyokomaa ikarudi kwenye akaunti ya kawaida. Riba yake, hiyo ilikuwa mapato kweli, tukaiandika. Kodi iliyokatwa Kenya inaweza kupunguza ile ya Marekani, lakini riba yenyewe lazima itangazwe.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Ukiwa raia au mkaazi wa Marekani, na akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata kwa siku moja tu, unapaswa kutuma FBAR, yaani ripoti ya akaunti za benki za nje. Haiendi pamoja na fomu ya kodi. Inatumwa mtandaoni kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani cha kupambana na uhalifu wa kifedha, kufikia Aprili 15, na usipowahi una nafasi hadi Oktoba 15 bila kuomba. Akaunti ya mzazi ambayo wewe ni mtia saini nayo imo, hata kama hakuna senti yako ndani. Hapo ndipo vijana wetu wengi hunaswa.

Faini si mchezo. Alexandru Bittner, mfanyabiashara aliyechelewa kutuma ripoti hizo, alidaiwa dola milioni 2.72 kwa akaunti 272, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 2023 kwamba asiyekusudia kuficha hutozwa kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Anayeficha makusudi anaweza kupoteza nusu ya salio.

Kwa hiyo, tafadhali, usiiache barua kwenye droo. Ikifika ile rasmi ya kudai kodi zaidi, una siku 90 za kupeleka shauri Mahakama ya Kodi bila kulipa kwanza. Zikipita, utalazimika kulipa kwanza ndipo udai urudishiwe. Tafuta wakili wa kodi wiki hiyo hiyo, na umpelekee zile safu nne zikiwa zimejazwa.