Kijiji cha kwenye picha na kijiji cha mwezi wa pili

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyegezi, Mwanza, mzaliwa wa Ukerewe. Mume wangu ni Mwingereza, amefanya kazi za migodi Kanda ya Ziwa miaka tisa na sasa mkataba wake unaisha. Mwakani tunahamia kwao na watoto wetu wawili, wa miaka kumi na wa miaka sita. Yeye atafanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani, hivyo tunaweza kukaa popote, na ameniachia mimi nichague mahali. London sitaki. Kila usiku naangalia picha za vijiji vyao: Bibury, Castle Combe, Lavenham, na kule Windermere kwenye maziwa, maana sijawahi kuishi mbali na maji. Vyote vinanivutia mpaka usingizi unapotea. Nichague kipi?
Mama wa Wawili, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu hata mimi niliwahi kukesha na picha kama hizo. Nilikwenda Uingereza mwaka 2005 kwa kazi ya uuguzi, nikakaa miaka kumi na minne. Miaka tisa kati ya hiyo niliishi kijijini, kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Sasa nimerudi, niko Bwiru. Nakujibu kama ningemjibu binti yangu wa kumzaa.

Nianze na nyumba yangu ya kwanza kule. Niliiona kwenye picha iliyopigwa mwezi wa sita: kuta za mawe ya kijivu, waridi limepanda mpaka dirishani, kijito kinapita mbele ya geti. Nikalipa kodi bila kwenda kuiona, nikahamia mwezi wa kumi. Kijiji kile hakikuwa na bomba la gesi, na vijiji vingi vya kule ndivyo vilivyo. Nyumba hupashwa joto na boila inayochoma mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa haya haya tunayoyajua sisi. Yanakaa kwenye tenki nyuma ya nyumba, yanaletwa na lori, na wauzaji wengi hawaji kama hununui angalau lita 500. Tenki langu halikuwa na geji. Unafungua kifuniko, unachovya fimbo, unaangalia imelowa mpaka wapi.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilichovya fimbo ikatoka kavu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza limeingia tangu saa moja nzima nyuma, nimebana tochi kwa meno, vidole havina hisia. Harufu ya mafuta ya taa ikanijaa puani, nikamwona marehemu bibi yangu kule Magu akijaza kibatari polepole asimwage hata tone. Nililia pale pale kwenye majani yenye barafu. Lori lilikuja baada ya siku sita. Siku zote hizo nililala na koti na soksi mbili mbili, na asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa na barafu upande wa ndani.

Kwa hiyo kabla sijakutajia kijiji chochote, naomba mwende mkavione mwezi wa pili, siku ya kazi, mvua ikinyesha. Mwezi wa sita jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku na kila kijiji kinapendeza. Mwezi wa pili utaona ni madirisha mangapi yana taa. Nyumba kumi zikiwa na taa mbili tu, ujue nyingine ni za watu wa mjini wanaokuja wikiendi. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 wakazi wa St Ives, huko Cornwall, walipiga kura kuzuia nyumba mpya kuuzwa kama nyumba ya pili, na tangu Aprili 2025 halmashauri za Uingereza zinaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba hizo kodi ya halmashauri mara mbili. Mtoto wako wa miaka sita anahitaji mwenzake wa kucheza naye, na nyumba iliyofungwa haina mtoto.

Sasa Lavenham. Ni pazuri kweli, nimepita mwenyewe: nyumba za mbao na udongo zimeinama mpaka unahisi ukipiga chafya zitaanguka, na zimesimama hivyo zaidi ya miaka 500. Wewe fundi cherehani utaupenda mji ule, maana ulijengwa na kitambaa. Walifuma kitambaa cha sufu cha rangi ya buluu, wakatajirika sana. Halafu Waholanzi waliokimbilia mji wa Colchester wakaleta kitambaa chepesi na cha bei nafuu, soko la Lavenham likafa. Watu wakakosa fedha za kubomoa na kujenga upya, ndiyo maana nyumba zile zipo hadi leo. Reli ilifika mwaka 1865, ikaacha kubeba abiria mwaka 1961. Miaka miwili baadaye serikali ikaletewa ripoti iliyopendekeza kufunga vituo zaidi ya 2,000 nchi nzima, na vingi vikafungwa kweli. Mwanangu, hapo ndipo pa kuelewa mambo. Kilichohifadhi uzuri wa mahali pengi unapopaona kwenye picha ni kwamba biashara ilipita pembeni, na biashara ikipita pembeni, mabasi na treni navyo hupita pembeni.

Bibury ina safu ya nyumba za mawe ya rangi ya asali inayoitwa Arlington Row. Ilijengwa kama ghala la sufu mnamo 1380, na karne ya 17 ikageuzwa makazi ya wafumaji. Kijiji chenyewe ni kidogo mno, na watalii wanashushwa na mabasi makubwa wanasimama mbele ya milango ya watu kupiga picha. Ukianika nguo zako, zitafika China kabla hazijakauka. Castle Combe ni vivyo hivyo, sitakaa hapo.

Windermere inaniuma kukukatisha tamaa, maana najua mtu wa Ukerewe anavyolitamani ziwa. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya Uingereza yenyewe (England), na eneo lake ni kilomita za mraba 15 hivi tu. Letu la Victoria lina takriban 68,800. Ukisimama ufukweni unaona ng'ambo, unaona hata kondoo. Hakuna mwalo, hakuna dagaa wanaoanikwa, hakuna kelele za wavuvi alfajiri. Milima ni mizuri kupita maelezo, lakini mvua ni nyingi, nyumba ni ghali, na kiangazi barabara zinajaa magari. Nenda kutembea, mpeleke na mumeo. Kuishi, hapana.

Na ukiwa bado unataka maji karibu, basi angalia maji hayo yamewahi kufika wapi. Unakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyopanda hapa, watu wakahama nyumba za kando ya ufukwe. Kule mito ndiyo hufanya hivyo. Tewkesbury, mji mzuri wa kale mahali inapokutana mito ya Severn na Avon, mwezi wa saba 2007 ulizungukwa na maji pande zote, kanisa lao kubwa likabaki kama kisiwa. Serikali yao ina huduma ya bure mtandaoni: unaingiza namba ya posta ya nyumba, unaambiwa hatari ya mafuriko. Fanyeni hivyo kabla hamjampigia dalali.

Jambo linalosahauliwa na kila mtu ni usafiri. Sisi huku, kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, safari ya Sengerema hatukuipima kwa kilomita, tuliipima kwa foleni ya feri. Kijiji changu kilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka mjini, na basi lilikuja mara mbili kwa wiki. Bodaboda hakuna. Barabara ni nyembamba, vichaka pande zote mbili, hakuna njia ya miguu wala taa. Mumeo anaendesha, sawa, lakini akisafiri wewe utakuwa mfungwa wa waridi. Leseni yako ya Tanzania itakufaa miezi 12 tu, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, wa nadharia na wa barabarani. Anza kujifunza wiki ya kwanza ukifika. Angalau wanaendesha kushoto kama sisi.

Mtoto wako mkubwa ndiye mwenye haraka kuliko nyinyi wote. Kule wanaingia sekondari wakiwa na miaka 11, na maombi ya nafasi za Septemba hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mkichelewa atapewa nafasi iliyobaki, pengine mji wa tatu. Mkubwa akikaa zaidi ya maili tatu, karibu kilomita tano, kutoka shule inayomfaa iliyo karibu zaidi, halmashauri inapaswa kumsafirisha bure. Ulizeni shule kwanza, nyumba baadaye.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Nyingi za zile unazozipenda zimesajiliwa kuhifadhiwa kwa sheria. Huwezi kubadili dirisha, mlango wala paa la mbele bila kibali, na kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai. Yale madirisha madogo ya vioo vyenye umbo la almasi ni kioo kimoja chembamba, na upepo wa Januari unaingia bila hodi.

Hujaniuliza, ila nakwambia: huenda ukawa Mwafrika pekee kijijini. Mimi nilikuwa hivyo. Miezi miwili ya mwanzo nikiingia dukani mazungumzo yalikatika. Wachache walikuwa na roho mbaya, wengi hawakujua tu waanzie wapi. Siku moja nikakuta boksi la mayai sita kwenye ngazi ya mlango, bila karatasi. Lilikuwa la mzee wa nyumba ya tatu. Nikalirudisha boksi lile na maandazi manne ya iliki ndani yake, bado ya moto. Wiki iliyofuata mayai yakaja tena, na kwa miaka tisa boksi lile halikuwahi kwenda tupu upande wowote. Nilimuuguza mpaka alipofariki. Lakini kusuka nywele na kupata unga wa dona ilibidi nipande treni mpaka Birmingham, na kuna wiki nilitamani kusikia mtu akiniambia mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, mpaka koo likauma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Acheni vijiji vya picha, tafuteni mji mdogo wa soko ambao bado una kituo cha treni. Nina upendeleo, nakiri, lakini nendeni mkaone Ludlow. Una kasri juu ya mto Teme, nyumba za kale kwa mamia, na soko la wazi mbele ya kasri siku kadhaa za wiki, ambako mtu anauza jibini, mwingine viatu vya mtumba, mwingine anatengeneza saa. Treni inapita kati ya Shrewsbury na Hereford. Wewe na cherehani yako utapata meza pale: mapazia, kupunguza suruali, kushona vitenge. Mimi sikuwahi kuona fundi anayelala njaa katika mji wenye soko. Mkipenda kaskazini, tazameni Hebden Bridge, mji wa mawe bondeni wenye treni za Manchester na Leeds, ila chagueni nyumba ya mlimani kama zetu za Igogo, kwa sababu siku moja baada ya Krismasi ya 2015 mto uliingia madukani.

Na msinunue mwaka wa kwanza. Pangeni, mpite na baridi moja nzima. Amana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida. Kama nyumba inatumia mafuta, mwombe dalali afungue kifuniko cha tenki, uchovye fimbo mwenyewe.

SWALI: Mama, nimeona picha za nyumba za nyasi Uingereza, naambiwa ni za matajiri. Kweli? Sisi tunazikimbia tuweke bati!
Kijana wa Sengerema

JIBU: Ni kweli. Zinaezekwa kwa mabua ya ngano au kwa matete, na matete mazuri hutoka kaunti ya Norfolk, kwenye maeneo ya maji, kama yale yanayoota huku ziwani. Paa la matete likiezekwa na fundi hasa hukaa miaka 30 hadi 40, ila sehemu ya juu kabisa hurudiwa kila baada ya miaka 10 hadi 15. Unene wake unazidi urefu wa rula ya shule, kwa hiyo baridi ikija ndani kuna joto, na jua likiwaka kuna ubaridi. Gharama iko kwa fundi, maana ni wachache, na kwenye bima, kwa sababu cheche moja ya dohani inatosha kuliteketeza. Jirani yangu mmoja alikuwa nalo. Kila vuli alimwita mtu wa kusafisha dohani kabla hajawasha moto, na kila vuli nilimkuta uani, shingo ameinua, anamsubiri yule mtu amwambie kuko salama.