Saa Nzima au Dakika Ishirini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na rafiki yangu tunatengeneza podikasti ya mahojiano na watu wa kazi za mikono: washonaji, maseremala, mafundi saa. Vipindi vyetu huwa vya dakika 80 hivi. Mwenzangu kasikia kwamba siku hizi watu hawana subira, akatoa kimoja cha dakika 20 kwa majaribio. Takwimu zinaonyesha kile kifupi kilisikilizwa kwa wastani wa asilimia 80, virefu asilimia 40 tu. Kwake mjadala umekwisha. Mimi moyo unakataa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza chukueni kalamu. Asilimia 80 ya dakika 20 ni dakika 16. Asilimia 40 ya dakika 80 ni dakika 32. Msikilizaji huyo mnayeambiwa hana subira amekaa nanyi muda maradufu katika kile kipindi anachodaiwa kukichoka! Mwenzako kasoma namba vizuri, hukumu ndiyo imekwenda kombo.

Usishangilie bado, maana zile dakika 48 zilizobaki mmezirekodi, mmezihariri, na wengi hawakuzifikia. Tena wastani huficha mambo. Huenda nusu ya watu waliondoka mapema na waliobaki wakafika mbali sana, au huenda kila mtu alichoka katikati. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Spotify na Apple Podcasts huwapa watayarishaji mchoro unaoonyesha wasikilizaji wanavyopungua kadiri kipindi kinavyoendelea. Ufungueni. Mstari ukiporomoka dakika tano za mwanzo, tatizo ni ufunguzi, na hata mngekata kipindi kiwe cha robo saa wangeondoka vilevile. Ukishuka taratibu hadi mwisho, hiyo ni kawaida. Ukikuta umekatika ghafla, tuseme dakika ya 22, nendeni mkaisikilize dakika ya 22. Mara nyingi utakuta mgeni ameanza kutaja vyeo vyake, au ninyi wawili mnacheka jambo ambalo msikilizaji hakuliona.

Mimi nimetoka redioni, na kule urefu hatukuuchagua. Taarifa ya habari ilikuwa inasubiri mlangoni, nusu saa ikitimia mgeni ananyamazishwa hata kama ndiyo kwanza ameanza kusema la maana. Siku nyingine mgeni alikuwa amemaliza yote dakika ya 17, nasi tukabaki kujaza. Podikasti imetuondolea ratiba hiyo. Podikasti ya Serial, iliyovuma mwaka 2014, ilikuwa na vipindi vya karibu nusu saa na vingine vya karibu saa nzima ndani ya msimu mmoja, kwa sababu kila kipindi kilikuwa na mzigo wake.

Linalonishangaza ni kwamba watu huuliza urefu bila kuuliza kipindi kitatoka mara ngapi. The Daily ya New York Times hukaa karibu na nusu saa kwa kuwa hutoka karibu kila siku, na ina chumba kizima cha habari nyuma yake. Dan Carlin, anayesimulia historia katika Hardcore History, hutoa kipindi kinachozidi urefu wa saa nne bila wasiwasi, lakini hutoka mara chache kwa mwaka. Ninyi ni wawili, na nadhani mna kazi nyingine. Kila saa ya sauti mbichi lazima isikilizwe saa nzima kabla hamjakata hata pumzi moja, kisha ndipo uhariri wenyewe uanze. Mkitaka kutoa kila wiki, urefu wenu ni ule mnaoweza kuuhariri vizuri ndani ya wiki.

Sasa kukata. Ondoeni salamu ndefu na “asante kwa kunikaribisha”. Anzeni pale fundi anapokuwa tayari na kitu mkononi. Mgeni akisema jambo lilelile mara mbili, wekeni la pili, maana kwa kawaida mara ya pili huwa amepata namna fupi ya kulisema. Maswali yenu yanaweza kupunguzwa kuliko mnavyofikiri (na hapo ndipo marafiki hugombana, kila mmoja analinda swali lake). Kitakachobaki, ukinilazimisha kubashiri, kitakuwa kati ya dakika 35 na 50. Waahidini wasikilizaji kiasi hicho, si dakika kamili. Kugawa mahojiano sehemu mbili naafiki tu kama sehemu ya kwanza ina mwisho wake.

Na kama hofu ya mwenzako ni uzito wa faili, hilo halihitaji mkasi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika. Mazungumzo matupu yakihifadhiwa kwa mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili), kilobiti 64, uzito unashuka nusu na maneno bado yanasikika vizuri.

SWALI: Nasimulia hadithi peke yangu, sina mgeni wala muziki. Dakika ngapi?

JIBU: Pungufu ya hao wenzako. Sauti moja haina wa kuipokea, na sikio huanza kuizoea mapema. Ningeanza na 10 hadi 15. Usikadirie kwa kurasa. Soma ukurasa mmoja kwa sauti ya kusimulia, si ya mbiombio, huku saa ikienda, ndipo uzidishe. Halafu ongeza muda wa vituo, kwa sababu msimulizi asiyetua anachosha hata kwa dakika sita.